Lottie Dod na hesabu ya mataji

Ukihesabu mataji ya tenisi ya Wimbledon ya mmoja mmoja, Blanche Hillyard anamshinda Lottie Dod, sita kwa matano. Sasa sikiliza: walikutana fainali mara tano, na mara zote tano Lottie ndiye aliyeondoka na kombe. Ndiyo maana ubishi wa "nani ana mengi" hunichosha haraka.

Ya kwanza ilikuwa 1887, Blanche akiwa bado Bingley, hajaolewa. Lottie, binti wa Cheshire wa miaka 15 na siku 285, alimchapa 6-2, 6-0. Hadi leo hakuna mwanamke aliyetwaa taji hilo akiwa mdogo zaidi. (Martina Hingis alimpita kwa siku tatu mwaka 1996, ila lile lilikuwa la wawili wawili.) Umri ulimsaidia kwa namna nyingine pia: msichana wa shule aliruhusiwa sketi fupi kidogo, huku wenzake wakikimbizana na mpira ndani ya magauni ya kuburura. Lakini sketi haikumfundisha kuupiga mpira hewani kabla haujadunda, wala kuushindilia kwa nguvu, mambo ambayo wanawake wengi wa wakati ule hawakuyagusa. Ajabu ni kwamba mpira wenyewe aliuanzisha kwa chini tu, mkono usipande juu ya bega.

Akalitwaa tena 1888. Mwaka 1889 hakwenda Wimbledon, Blanche akachukua. Akarudi 1891 akashinda, na 1892, na 1893. Tusimpake mafuta kupita kiasi: siku hizo bingwa mtetezi alisubiri tu mshindi wa wengine, akacheza naye mechi moja. Hata hivyo ile ya 1893 ilikuwa kazi kweli, maana alipoteza seti ya kwanza 6-8 kabla ya kugeuza kibao, 6-1, 6-4.

Kisha akaacha, akiwa na miaka 21. Mwaka uliofuata taji likarudi kwa Blanche.

Wengi huliita jambo hilo hasara. Mimi sioni hivyo. Baba yake alitajirika kwa biashara ya pamba, kwa hiyo Lottie hakulazimika kufanya kazi, na bila fedha hiyo hadithi hii isingekuwepo. Lakini matajiri wangapi walikaa na fedha zao wakinenepa? Yeye aliichezea Uingereza mpira wa magongo, akawa bingwa wa gofu wa wanawake wa Uingereza mwaka 1904 kule Troon, kisha akashika upinde.

Olimpiki ya London ya 1908 aliongoza siku ya kwanza ya mishale. Siku ya pili akapitwa na Queenie Newall, mama wa miaka 53, akapata medali ya fedha. Ya dhahabu kwa wanaume ilikwenda kwa William Dod, kaka yake.