Ukitaka kuienzi tamthilia ya zamani, toka jasho

Kuna episodi moja ya Deep Space Nine, mojawapo ya tamthilia zilizofuata Star Trek, ile ya runinga ya Marekani ya safari za angani iliyoanza 1966, ambayo kwangu ndiyo mfano wa jinsi tamthilia mpya inavyopaswa kuiheshimu iliyoitangulia. Inaitwa Trials and Tribble-ations, na ilirushwa Novemba 1996, mwaka ambao Star Trek ilikuwa inatimiza miaka 30. Watayarishaji wangeweza kufanya mambo kirahisi: wamlete mwigizaji mmoja wa zamani, wamtilie mdomoni sentensi moja maarufu, mashabiki wapige makofi, basi. Wao wakaamua kuwapenyeza wahusika wao ndani ya episodi ya mwaka 1967, The Trouble with Tribbles, ile ya vinyama vya manyoya viitwavyo tribble, vinavyozaana bila kupumzika mpaka vinajaa chombo kizima.

Kisa chenyewe ni hivi. Jasusi wa Kiklingoni, taifa la sayari nyingine, aitwaye Arne Darvin, ambaye Nahodha Kirk, kiongozi wa chombo cha Enterprise katika Star Trek ya kwanza, alimuumbua zamani, amepata njia ya kurudi nyuma zaidi ya miaka 100. Anaficha bomu ndani ya tribble mmoja ili amuue Kirk. Nahodha Sisko, kiongozi katika Deep Space Nine, na watu wake wanavaa sare za enzi hizo na kuingia kwa siri ndani ya Enterprise kulitafuta bomu hilo. Darvin anaigizwa na Charlie Brill, yule yule aliyemwigiza mwaka 1967, safari hii akiwa amezeeka na kinyongo chake kimezeeka naye.

Ili hayo yawezekane, korido za Enterprise zilijengwa upya, sare zikashonwa, mwanga na rangi kali za runinga ya miaka ya 60 zikaigwa, kisha kwa kompyuta Sisko na wenzake wakaunganishwa na picha za zamani. Kwa teknolojia ya 1996 hiyo ilikuwa kazi ya kuchosha. Ukitazama O'Brien na Bashir, watu wa Sisko, wamesimama kwenye mstari, Kirk akiwahoji mabaharia wake nani alianzisha ugomvi wa baa, huoni mahali mpya ilipoungana na kuukuu.

Lakini tendo ninalolipenda kuliko yote ni lile la ghala la nafaka. Kirk anafungua mlango ulio juu ya kichwa chake, tribble wanamporomokea kwa mamia, anabaki amefukiwa mpaka kifuani. Halafu, katika ile ya 1967, wanaendelea kumdondokea mmoja mmoja kichwani huku yeye akijaribu kuzungumza kama nahodha. Kwa miaka karibu 30 hicho kilikuwa kichekesho tu. Episodi ya 1996 inakuingiza ndani ya ghala lenyewe: Sisko na mwenzake Dax wamekaa juu ya lundo, wanampima kila tribble kwa kifaa, na asiye na bomu wanamtupa nje. Huyo ndiye anayemwangukia Kirk. Tangu nilipoliona tendo hilo, siitazami tena ile ya zamani bila kuwafikiria wale wawili kule juu. Hapo ndipo ninapopimia: episodi ya kuenzi ikiisha, je, ile ya zamani imeongezewa kitu?

Nyingi haziongezi. Zinataja jina la mhusika hapa, zinaonyesha koti linalojulikana pale, zinapiga kipande cha wimbo, kama mgeni wa sherehe anayetaja majina ya wakubwa ili ionekane anafahamiana nao. Shabiki anafurahi kwa sekunde mbili kwa kuwa ameelewa. Asiye shabiki anaachwa nje ya mlango, na hilo linaniudhi zaidi.

Linganisha na Relics, episodi ya Oktoba 1992 ya The Next Generation, tamthilia nyingine ya Star Trek. James Doohan anarudi akiwa Scotty, fundi mkuu wa Enterprise ya kwanza, ambaye ameokolewa baada ya miaka 75. Ujuzi wake umepitwa na wakati, vijana wa karakana wanamwona anawazuia kazi, naye analiona hilo machoni mwao. Anakwenda kwenye chumba kinachoumba mandhari bandia na kuagiza chumba cha uongozaji cha meli yake ya zamani. Kinatokea, kitupu, hakuna mwenzake hata mmoja. Mtu ambaye hajawahi kuona dakika moja ya Star Trek ya 1966 anamwelewa mzee huyo, maana kila ukoo una fundi aliyestaafu ambaye hakuna anayemuuliza kitu tena.

Nirudi kidogo kwa Sisko, anayeigizwa na Avery Brooks. Ndani ya Enterprise ya 1967 yumo Luteni Uhura wa Nichelle Nichols, ambaye jina lake limetokana na uhuru wetu, mwanamke Mweusi aliyepewa kiti cha heshima kwenye runinga ya Marekani wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra mno. Miaka 29 baadaye anayetembea kwenye korido zile ni nahodha Mweusi, kiongozi wa tamthilia nzima. Hakuna hotuba inayotolewa kuhusu hilo. Mimi huwa linanigusa kila mara.

Nje ya Star Trek, nitaitetea mbele ya yeyote Dual Spires, episodi ya Desemba 2010 ya Psych, tamthilia ya upelelezi yenye vichekesho, iliyoienzi Twin Peaks, tamthilia ya 1990 kuhusu mauaji ya binti Laura Palmer katika mji mdogo. James Roday, staringi wa Psych, alishiriki kuiandika, na mapenzi yake yanaonekana kila kona. Binti aliyeuawa anaitwa Paula Merral. Zipange upya herufi hizo upate Laura Palmer. Sheryl Lee, aliyekuwa maiti ya Laura mwaka 1990, hapa ni daktari wa mji. Waigizaji wengine wa Twin Peaks, Ray Wise, Sherilyn Fenn na Dana Ashbrook, wamo, Catherine Coulson yumo, na wimbo wa utangulizi unaimbwa taratibu na Julee Cruise, sauti ile ile ya Twin Peaks. Tena ukiyaondoa yote hayo, bado unabaki na kisa cha upelelezi kinachosimama chenyewe.

Waigizaji hao waliitwa wakiwa hai, wakapewa wahusika wa kuigiza, si kupita mbele ya kamera na kupunga mkono. Coulson alifariki 2015, Cruise 2022. Episodi ile leo isingewezekana ikiwa na watu wale wale. Zipo tamthilia nyingi za miaka ya 80 na 90, zilizofungwa mapema na kupendwa baadaye, ambazo waigizaji wake bado wapo na simu zao zinaita. Wapigiwe.