Ukoko wa pauni 14

Jumamosi iliyopita nimelipa pauni 14 kula ukoko. Hapa Leeds, mtaa wa pili kutoka kazini kwangu, kuna mkahawa mdogo unaopika vyakula vya Kijapani na vya Kikorea pamoja. Meza nane za mbao, vijiti na vijiko vimejaa kwenye kopo, jiko limeachwa wazi unawaona wapishi wakitoka jasho. Niliagiza bibimbap. Wali unawekwa kwenye bakuli zito la jiwe lililopashwa moto sana, juu yake karoti, spinachi, uyoga, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, yai, halafu unachanganya mwenyewe na pilipili yao nzito iitwayo gochujang. Nilipotaka kuanza, binti aliyenihudumia akanizuia kwa upole. Subiri kidogo, akasema, wali wa chini ushike jiwe.

Nikasubiri, nikausikia. Aliyekulia jikoni anaijua sauti ile, wali unavyoanza kukauka chini na kulialia kama mafuta ya mwisho kwenye kikaango. Harufu ikafuata. Machozi yalinilenga pale pale.

Wakorea wanauita nurungji. Wajapani wanauita okoge. Kwetu ni ukoko. Bibi yangu alikuwa Kyela, anapika wali kwa kuni na kuweka makaa juu ya mfuniko, na harufu ya mchele ule ilikuwa inafika barabarani. Wageni walipakuliwa wali mweupe wa juu. Sufuria ilirudi nyuma ya jiko, na hapo ndipo sisi wajukuu tulipokuwa tunasubiri na vijiko, tunakwangua, tunanyang'anyana vipande vya rangi ya chai. Kumpa mgeni ukoko ingekuwa aibu ya ukoo mzima.

Nikamtumia picha mdogo wangu, yuko Uyole. Akanijibu kwa sauti: "Dada, zaidi ya elfu arobaini kwa ukoko? Rudi nyumbani ukwangue sufuria bure." Tulicheka sana, lakini jambo hilo halijanitoka kichwani wiki nzima.

Wale watu wamekitoa chakula cha nyuma ya jiko wakakileta mezani, kwa jina lake, na mtu wa Leeds analitamka hivyo hivyo kwa shida na kulipia. Na msidhani ni rahisi kwao kukaa kwenye menyu moja. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Ukiwaangalia kimbap ya Wakorea na sushi ya Wajapani utasema mtu na ndugu yake, vyote ni wali uliokunjwa kwenye mwani, ila kimbap inapakwa mafuta ya ufuta na wali wa sushi unatiwa siki. Pale mkahawani hakuna kilichomezwa na mwenzake. Kila kimoja kimeandikwa kinavyoitwa kwao.

Sasa nije nyumbani. Mwaka juzi nilikuja likizo, nikampeleka mama kwenye hoteli moja pale mjini Mbeya. Nikaulizia ndizi, mbalaga kama tunavyoziita Wanyakyusa. Mhudumu akaniangalia kama nimetukana. "Dada, hapa hatupiki vyakula vya kijijini." Kulikuwa na chipsi kuku, chipsi mayai, na tambi. Nje ya geti lile magari yalikuwa yanapita yamesheheni ndizi kutoka Tukuyu! Mama alikula chipsi nusu akasema ameshiba. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tuna mchele wa Kyela ambao jina lake tu linauza, mpaka Dar kila gunia linaitwa la Kyela hata kama limetoka kwingine. Parachichi za Rungwe zinasafirishwa mpaka Ulaya. Kila nikiliona parachichi ndani ya sushi nawakumbuka akina mama wa Kiwira na ndoo zao kando ya barabara. Kimchi yenyewe ni kabichi ya Kichina, ndugu wa damu wa chainizi tunazochuma bustanini, imetiwa chumvi, pilipili na vitunguu saumu ikaachwa ichachuke. Wakorea wanakusanyika familia na majirani kuitengeneza kabla ya baridi, na mwaka 2013 UNESCO iliuandika utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi, mwaka ule ule na mapishi ya Kijapani. Makabila yetu ya nyanda za juu yanajua kukusanyika kupika kuliko hivyo.

Ila nisiwadanganye mlioko huko mkadhani huku ni raha tupu. Ule mkahawa una kaunta ndefu ya watu wanaokula peke yao, kila mmoja na simu yake. Nimekaa pale zaidi ya mara ishirini, hakuna mteja aliyewahi kuniambia karibu. Mwanjelwa kwa mama lishe unakaa kwenye benchi na dereva wa bajaji na mwanafunzi, jagi la maji ya kunawa linapita mkono kwa mkono, na mtu usiyemjua anakukaribisha kwenye sahani yake kabla hujaagiza. Kitu pekee cha pale Leeds kinachonikumbusha hilo ni vile visahani vidogo vya Kikorea, banchan, mboga na kachumbari zinazokuja bila kuagizwa, na zikiisha unaongezewa bure. Siku ya kwanza nilipoongezewa nilimsikia kabisa yule mama wa Mwanjelwa: "Mwanangu, leta bakuli nikuongezee maharage."

Desemba nitakuwa Mbeya. Kama kuna mwenye mgahawa hapo mjini, Kabwe, Mafiati au popote, ambaye ameandika mbalaga kwenye menyu yake, naomba anielekeze. Nitakuja na mama na mdogo wangu, na bei atakayotaja nitalipa. Akiwa na ukoko, atuwekee sahani tatu.