Gari Lisilolalamika

Jinja, hapa Uganda, si mji wa kukosa umeme. Bwawa la Nalubaale, ambalo wazee bado huliita Owen Falls, lilifunguliwa mwaka 1954, na kilomita chache mbele, kwenye mto uleule wa Nile, mitambo ya Bujagali yenye megawati 250 ilikamilika mwaka 2012. Ilhali gari langu, lililokuwa likilala uani kwangu Walukuba, jirani kabisa na neema hiyo yote, lilikuwa likiomba volti 14 tu na likizikosa.

Gari hilo niliuziwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye akiamua kukuuzia kitu ni heri ukubali mapema uokoe muda. Siku tuliyopatana bei aliwasha injini, akaifuta dashibodi kwa kiganja, akasema, "Tazama mwenyewe, shemeji. Hakuna hata taa moja inayolalamika." Nilitazama, na kweli hapakuwa na taa iliyowaka.

Haukupita muda kabla asubuhi zangu hazijaanza kwa mlio wa "tik" kutoka kwenye stata, mota inayoiwasha injini, na baada yake kimya. Jirani yangu Mzee, mstaafu aliyefanya kazi ya umeme katika kiwanda cha nguo, alikuja na mita yake iliyofungwa kwa raba, akapima betri injini ikiwa imezimwa, akapata volti 11.9, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6, na kwamba injini ikishawaka altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, hupaswa kupandisha namba hiyo hadi kati ya 13.8 na 14.4. Tuliomba betri ya jirani, tukaliwasha gari, tukapima tena. Mita ilisoma 12.1, kisha ikaanza kushuka mbele ya macho yetu.

"Betri ni mtungi," alisema Mzee, "na wako unachotwa bila kujazwa."

Tulifungua vichwa vya waya za betri, tukianza na upande wa hasi, kwa sababu spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa hutoa cheche za kumfukuza mtu uani. Chini yake tulikuta unga mweupe unaoelekea kijani, tukauosha kwa maji ya moto na magadi mpaka risasi ya vichwa hivyo ikang'aa. Tukaukaza mkanda wa altaneta, tukakagua fyuzi, tukafuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye injini. Kila kitu kilikuwa safi, na mita iliendelea kusoma 12.1.

Fundi wa mtaani hakuhitaji kupima chochote. Alisikiliza injini akiwa ameinamisha kichwa, akatangaza kwamba altaneta imekufa na kwamba anayo nyingine, mtumba safi, kwa shilingi 280,000. Kwa kuwa sikuwa na fedha hizo mfukoni, niliendesha hadi kwa fundi mwingine, mwenye gereji kando ya barabara kuu ya Iganga, na huko ndiko fedheha ilikoanzia: mita yake ilisoma 14.2. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Nikarudi Walukuba, nikazima gari, nikaliwasha tena, Mzee akapima, akapata 12.1. Gari lilikuwa zima mbele ya mafundi na gonjwa mbele ya mwenyewe, na mke wangu akaanza kusema kwamba labda linahitaji dua kuliko spana.

Katika hali hiyo ndipo tulipolipeleka kwenye kwanjula ya binamu yangu, sherehe ya kujitambulisha kwa familia ya bibi harusi. Msafara ulikwenda mwendo wa jeneza, taa za dharura zikimeta, redio ikiimba, feni ikiwapepea wajomba zangu waliovaa kanzu na makoti. Tulipofika kituo cha mafuta ambako magari yalipaswa kujipanga, tulizima injini huku muziki ukiendelea. Kiongozi wa msafara alipotoa ishara ya kuondoka, stata ilisema "tik". Wajomba walishuka, wakapandisha kanzu hadi magotini, wakasukuma. Gari lilikubali nilipoachia klachi katika gia ya pili, likawaachia moshi na vumbi la kutosha kubadilisha rangi ya kanzu, na upande wa bibi harusi ukatutoza faini ya kuchelewa bila kutaka kusikia habari za altaneta.

Jumapili iliyofuata Hajati, anayekaanga roleksi, yaani chapati ya kukunja na mayai, mbele ya lango letu, alikuja kuniletea chenji akanikuta nimegeuza ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha injini.

"Baba, mbona hili lako kimya?" aliuliza. "Gari la marehemu mume wangu, ukigeuza hivyo, taa ya betri iliwaka nyekundu kwanza, kisha injini ikiwaka, taa inazimika."

Mzee aliiweka mita chini taratibu. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoamsha sumaku ya altaneta ili ianze kuzalisha. Balbu isipokuwapo, altaneta husinzia mpaka injini ikimbie sana, ndipo mabaki ya sumaku yaliyomo huiamsha. Ndiyo maana barabara kuu ilikuwa ikiliponya gari langu, na mwendo wa msafara ukaliua.

Tulifungua dashibodi. Nyuma ya mita ya mwendo balbu ndogo zilikuwa zimepangwa kila moja kwenye tundu lake, isipokuwa matundu mawili, ambayo yalikuwa wazi na yamejaa vumbi la siku nyingi. Moja lilikuwa la betri. La pili Mzee alilisoma alama yake, akaguna, asiseme kitu. Nilinunua balbu mbili kwa shilingi 4,000, tukazizungusha mahali pake, nikageuza ufunguo, na taa mbili nyekundu zikawaka kwa mara ya kwanza tangu niwe mmiliki. Hajati akapiga kigelegele.

Niliwasha injini. Taa ya betri ilizimika papo hapo, na mita ikasoma 14.2 hapohapo uani. Ile ya pili, taa ya oili, ilibaki inawaka.

"Zima! Zima!" alipiga kelele Mzee.

Nilizima, nikampigia shemeji simu, nikamweleza tulichokuta na tulichorudishia. Alinyamaza kwa muda, nikasikia akishusha pumzi.

"Sasa shemeji," alisema, "hiyo ya oili si ungeiacha tu?"