Si shina zima ni uzi

Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu bangi ya viwandani, ile inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na si ya kuvuta, amesema shina lake "lote ni nyuzi". Hapo ametupoteza. Nyuzi ndefu zimo kwenye ganda tu, kama robo ya shina lililokauka au zaidi kidogo. Kiini ni mti mwepesi wa vipande vifupi. Huko Ulaya huutandaza zizini farasi walalie, na Wafaransa huuchanganya na chokaa kujazia kuta. Sisi wa Mji wa Kale chokaa twaijua, ila ukuta huo haubebi dari peke yake, lazima uwe na nguzo.

Kilichonigusa zaidi ni pale aliposema shina "huozeshwa". Wazee wetu walifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya bahari miezi na miezi, kisha wakayaponda kutoa usumba. Kazi ni ile ile: vijidudu hula ile gundi inayoshikanisha nyuzi. Bangi yenyewe haikai hivyo, wiki chache tu, ukichelewa uzi nao waoza.

Tofauti iko ndani ya uzi. Wa bangi ni selulosi (ile nyuzi yenyewe ya mmea) kama asilimia 70, lignini (kinachoufanya mti uwe mgumu) kidogo mno, kwa hiyo una nguvu sana lakini hauvutiki. Usumba una lignini karibu asilimia 40: dhaifu, mgumu kuoza, na huvutika sana kabla ya kukatika. Ndiyo maana mabaharia wa Ulaya kamba zao za bangi walizipaka lami, na babu yangu mashua yake aliifunga kwa usumba mkavu bila kupaka kitu.