John Donaldson na kura zinazomkwepa

Desemba 2024 kamati ya watu 16 ilikaa kuamua ni nani kati ya wachezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani aingie kwenye Ukumbi wa Mashuhuri kule Cooperstown, New York. Dick Allen na Dave Parker walipita. John Donaldson hakufikisha hata kura 5, ilhali mwaka 2021 alipata 8. Zinazotakiwa ni 12.

Wanaomkataa wana hoja, na si ya chuki. Donaldson, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyezaliwa Glasgow, Missouri, mwaka 1891, alicheza miaka mingi kwenye timu za kuzunguka, leo Minnesota, kesho Iowa, akipambana na timu za miji midogo. Aliyesimama mbele yake na gongo mara nyingi alikuwa mkulima au muuza duka. Tena mwaka 2006 kamati maalumu ya wabobezi wa ligi za Weusi, zile walizocheza Weusi walipokuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu, ilichagua watu 17 kwa mpigo, na jina lake, ingawa lilikuwa mezani, likaachwa.

Lakini tangu hapo ushahidi umezidi kuongezeka. Watafiti wakiongozwa na Peter Gorton wa Minnesota wamepekua magazeti ya vijijini na kukusanya mechi zaidi ya 400 alizoshinda, na wapigaji zaidi ya 5,000 aliowatoa kwa straiki, yaani walioshindwa kuupiga mpira mara tatu. Hiyo 5,000 si ya kupitwa haraka. Katika historia yote ya ligi kuu, ni Nolan Ryan peke yake aliyevuka idadi hiyo. Simlinganishi Donaldson na Ryan, kwa sababu wapinzani wao hawakuwa sawa. Ila futa nusu nzima, sema wote hao walikuwa watu wa jembe wasiojua kushika gongo. Bado unabaki na 2,500. Na hapo tunahesabu zile tu ambazo mwandishi wa gazeti la mji fulani aliona zinafaa kuchapishwa.

Halafu, nani aliyemchagulia wapinzani hao? Alipokuwa kwenye ubora wake, ligi kuu haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Ligi ya Taifa ya Weusi ilianza mwaka 1920, yeye akikaribia miaka 30, na kwenye timu yake humo, Kansas City Monarchs, alionekana zaidi akidaka mipira nyuma ya uwanja kuliko kurusha. Ndiyo maana mwaka 2024, takwimu za ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilipoingizwa kwenye kumbukumbu rasmi za ligi kuu, miaka yake mizuri ilibaki nje. Anayefungua kumbukumbu hizo leo hamwoni mrushaji niliyemweleza hapa.

Wakulima wenyewe walijua walichokuwa wakikiona. Mwaka 1924 Bertha, kijiji cha Wazungu huko Minnesota, kilimwajiri awarushie mipira. Filamu fupi ya mwaka 1925, iliyopigwa Fergus Falls, inamwonyesha kazini. Na mwaka 1949 Chicago White Sox walimchukua awe msaka vipaji, Mweusi wa kwanza kuifanya kazi hiyo kwa muda wote katika ligi kuu.

Hoja kwamba hakucheza sana kwenye ligi haisimami pia kwa sababu ya Bud Fowler, mchezaji Mweusi wa karne ya 19. Yeye alicheza kabla ligi za Weusi hazijakuwepo, na kamati ile ile ya 2021 iliyompa Donaldson kura 8 ilimpa Fowler 12, akaingia.

Kilichobadilika kufikia 2024 ni karatasi ya kura. Mwaka 2021 Donaldson alishindana na watu wa enzi za mwanzo. Safari hii aliwekwa pamoja na nyota wa miaka ya 1960 na 1970, ambao wapiga kura kadhaa waliwaona kwa macho yao au kucheza nao, na kila mmoja aliruhusiwa kuchagua watu 3 tu. Kura ijayo ya kundi hilo ni Desemba 2027. Wa enzi za mwanzo warudishiwe karatasi yao kabla ya hapo.