Toki ya Baiskeli ya Babu

Mkaguzi alipotutembelea shuleni Ifakara, kidato cha tano tulikuwa kwenye mada ya fizikia ya mwendo wa kuzunguka. Ubao umejaa miduara, tangenti (mistari iliyonyooka inayogusa ukingo wa duara), mishale na herufi za Kigiriki. Mzee wa watu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akauliza kutoka nyuma ya darasa: "Mwalimu, na vitendo je?"

Maabara yetu tuiache. Nikaenda getini kuazima baiskeli ya babu mlinzi.

"Shikamoo babu. Imeoshwa?"

"Marahaba mwalimu. Imeoshwa mpaka kengele."

Tukaipindua juu ya meza, matairi juu, mkia umeelekea darasani. Madigadi ya nyuma iling'oka siku nyingi. Zungusha pedali kwa nguvu ya niutoni 50, mkono wa pedali una sentimeta 17: toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni niutoni mita 8.5. Gia ya mbele ina meno 44, friwili 18, kwa hiyo gurudumu hupata kama 3.5 tu. Tairi na rimu ni kilo 2 hivi, mita 0.35 kutoka kwenye ekseli. Inesha, yaani ubishi wa gurudumu kuzungushwa, ni 0.245. Gawanya toki kwa inesha: mchapuko wa pembe, yaani kasi ya mzunguko inavyoongezeka, ni radiani 14 kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde 2, ukingo wa tairi unakimbia karibu kilomita 35 kwa saa.

Babu huendesha mwendo wa bibi harusi. Kwa mwendo ule tope la majaruba lilikaa tairini kwa amani. Sasa kijana mmoja, mbeba magunia ya mpunga wakati wa likizo, akashika pedali. Kwa kasi ile kila kitonge kinataka kushikiliwa kwa nguvu karibu mara 28 ya uzito wake, na tope la Kilombero halina gundi hiyo.

Tope likiachia halizunguki tena, linanyoosha njia yake. Dawati la mbele likaona, likainama. La pili likainama. Nyuma kabisa palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuinama, maana alikuwa anaandika.

Kitonge cha kwanza mfuko wa shati. Cha pili miwani.

Kimya. Binti wa dirishani akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, ile ndiyo tangenti?"

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Ndiyo, mwanangu. Imefika."

Ripoti yake ninayo. Kwenye kipengele cha ufundishaji kwa vitendo ameandika: "Upo. Upunguzwe."