Veterani kwa heshima, si kwa mafao

Ukimuuliza mtu wa kawaida veterani wa Marekani ni nani, atakwambia ni yeyote aliyekula kiapo, akavaa sare, akatumikia na kurudi uraiani. Sheria ina mawazo mengine. Kifungu cha 101 katika Sura ya 38 ya sheria za nchi hiyo kinataka mambo mawili: uwe ulikuwa kwenye utumishi kamili wa kijeshi, na uwe hukuondoka kwa fedheha. Hapo ndipo mchujo unapoanza.

Chukua askari wa Gadi ya Taifa, jeshi la akiba la majimbo. Anaweza kufanya mazoezi wikendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka, gavana akamwita kuokoa watu kwenye mafuriko, na bado serikali kuu isimhesabu. Akiumia mazoezini na kubaki na ulemavu, mlango unafunguka. Akiugua je? Kwa mazoezi ya wikendi, sheria inataja majeraha, kisha inaongeza mshtuko wa moyo, moyo kusimama na kiharusi. Ugonjwa mwingine ukimwanzia Jumamosi hiyo ni shauri yake. Ningependa kujua waliochagua hayo matatu walikuwa wanatazama nini.

Mwaka 2016 Bunge la Marekani lilijaribu kuwapoza askari hao. Waliofikisha miaka 20 ya kustahili pensheni ya askari wa akiba sasa wanaenziwa kama maveterani, ila kifungu hicho hicho, 107A, kinasema wazi kwamba hiyo haiwapi fao lolote.

Jirani yake, kifungu cha 107, ndicho kinachonikera zaidi. Julai 1941 Rais Roosevelt aliyaita majeshi ya Ufilipino, nchi iliyokuwa chini ya Marekani, yatumike chini ya jeshi la Marekani. Watu wakapigana, wengi wakafa. Februari 1946, Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha, Bunge likaamua kwamba utumishi ule usihesabiwe kwa sehemu kubwa ya mafao. Ilipofika 2009 waliobaki hai, wazee sana, wakapewa malipo ya mara moja: dola 15,000 kwa raia wa Marekani, dola 9,000 kwa asiye raia. Vita ilikuwa ile ile, adui yule yule.

Msiniambie sheria haiwezi kuwa na mkono mpana. Kwa hesabu za mafao, kipindi cha Vita vya Ghuba kilichoanza tarehe 2 Agosti 1990 hakijafungwa mpaka leo, kwa hiyo aliyetumikia akiwa Texas tu anahesabiwa kuwa wa wakati wa vita. Bunge likitaka, linaweza.

Kuhusu fedheha, sipingi kwamba aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kosa kubwa akose mafao. Lakini kwenye fomu ya kuachishwa jeshi, DD 214, kisanduku cha 24 kinachotaja aina ya utumishi, kuna daraja la katikati, “Other Than Honorable” (si la heshima, lakini si la fedheha kamili), linaloweza kutolewa na wakubwa kiutawala, bila mahakama yoyote. Mwenye nalo hajafungiwa moja kwa moja. Wizara ya Masuala ya Maveterani inapaswa kulipitia faili lake na kuamua yenyewe. Karani akimrudisha dirishani kwa kuangalia kisanduku hicho tu, amemnyima hatua ambayo ni haki yake.

Mimi ningeanza na swali moja: nani alitoa amri? Kama amri ilitoka serikalini, iwe ya rais au ya gavana, matibabu ya aliyeitii yalipwe na serikali. Mabishano ya pensheni na mikopo ya nyumba yaendelee baadaye.